Redio ya Mihayo

Tulikuwa wanaume sita tumezunguka chungu kimoja cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake. Redio ya Mihayo ilikuwa juu ya kigoda. Katika kijiji chetu cha ujamaa, huku Keza, redio ilikuwa hiyo moja tu, na tangu vita vianze tulikunywa kwake kila jioni ili tusikie habari za mpakani.

Mtangazaji akasema adui ametuma wapelelezi. Mgeni yeyote ambaye asili yake haijulikani apelekwe kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi ni mimi.

Mrija mmoja ukatoka chunguni, kisha wa pili, wa tatu. Pombe ikadondoka vumbini.

Mihayo alifika miaka minne iliyopita akasema ametoka Shinyanga. Hatukumuuliza zaidi. Mke wangu aliposhikwa na uchungu, yeye ndiye aliyempeleka hospitali kwa baiskeli.

“Balozi, umesikia,” jirani yangu akasema, macho chini.

“Nimesikia.”

“Redio ya serikali haiwezi kusema bure.”

Mihayo akanyoosha mkono. Nilidhani anaizima redio, kumbe anaongeza sauti. Akainamisha sikio, uso umekunjamana kwa hasira.

“Balozi,” akaniambia, “kama mtu huyo yupo hapa kijijini, tumkamate leo leo. Mimi nitakusaidia kumfunga.”

Mrija wangu ulikuwa bado mdomoni, na pombe imenijaa kinywani. Sikujua nimeze au niteme.