Maombi ya Safari ya Vidin

Teksi ya uwanja wa ndege ilipiga honi nje, lakini mimi nilikuwa nimenaswa katika duara la maombi sebuleni kwetu, hapa ughaibuni, Blacktown. Jirani yangu mjane alikuwa amenialika kwao Vidin, mji wa Bulgaria ulio kando ya mto Danubi. Binti yangu Rispah hakutaka niende, maana nani angemlelea watoto bure?

"Mlinde Mama angani, Bwana," Mama Mchungaji aliomba.

Rispah alinibana vidole kama anayekamua tambara.

Nikafungua jicho moja. Rispah naye alikuwa amefungua lake, anatazama saa.

"Bado hujaiombea ndege ya pili, Mama Mchungaji," akanong'ona.

Nikavuta pumzi.

"Amina!" nikapaza sauti.

Wote wakaitikia kwa furaha, maana miguu ilikuwa inawauma, wakaniachia mikono.