Toazi la Kulia

Fundi wa muziki, mtaani wakimwita Masikio, aliisogeza sauti ya toazi kubwa upande wa kulia kwenye kompyuta. Likanyamaza. Matoazi ya kushoto yakaendelea kusikika.

"Programu hii imeoza!"

"Haijaoza, kaka," alisema mdogo wake, mwimbaji, akitikisa kichwa ndani ya hedifoni zake. "Toazi linalia mpaka nywele zinanisimama. Usiliguse tena."

Masikio alizigeuza hedifoni zake, ya kulia ikaja kushoto. Toazi likarudi, likivuma safi. Sasa yale mengine yakapotea.

Akapenyeza kidole chini ya hedifoni, akalikuna sikio la kulia. Hata mkwaruzo wa ukucha wake hakuusikia.

"Mbona umezivaa kinyume?"

Masikio alizitazama kuta za sponji za studio, zisizo na dirisha.

"Siri ya kazi hiyo, mdogo wangu. Lete wimbo mwingine."