Umakini wa Kuazima

Siku hizo mtu aliweza kumwazima mwenzake umakini wake kwa kifaa kidogo cha sikioni. Kila jioni Eliamani alimwazima mkewe, Namkunda, wa kwake wote. Namkunda akajifunza Kiingereza bila mawazo kutangatanga wala Kiswahili kumrukia ulimini. Mumewe alikaa jikoni ametulia tuli, maharage yakiungua mbele yake, binti yao Tunu akimwita bure.

Alipofaulu mtihani wa Kiingereza wa wauguzi, Namkunda alikimbilia nyumbani akampigia goti.

“Asante, mume wangu. Bila wewe nisingefika. Leo nakurudishia umakini wako, na sitauazima tena.”

Akavua kifaa sikioni, akamvalisha. Eliamani akatabasamu kwa furaha ya kweli.

“Hongera sana, Mama…” Akalitafuta jina, asilipate.

“Tunu,” Namkunda akamnong’oneza, akimshika mkono kwa nguvu. “Mama Tunu.”