Kicheko cha Milembe

Bomba la misheni halikumpa maji mtu aliyenuna. Lilikuwa na jicho la kioo, na waumini wa ng'ambo waliolijenga walitaka kuona shukrani usoni kabla ya kila ndoo.

"Tabasamu, dada yetu mpendwa," bomba lilisema.

Milembe akakenua meno. Mama yake alikuwa amelala nyumbani, amefunikwa kanga, akisubiri kuoshwa kwa mara ya mwisho.

"Hilo halijatoka moyoni. Jaribu tena."

"Nimefiwa, we chuma!" Milembe akapaza sauti. "Huko kwenu mtu akifiwa anacheka?"

Bomba halikutoa hata tone. Basi wanawake wa kwenye foleni wakamwita Pazi, yule Mzaramo, mtani wa ukoo, ambaye kazi yake misibani ni kuwadhihaki wafiwa. Pazi akajifunga kanga kiunoni, akatembea akiburuta mguu kama marehemu alivyokuwa akitembea.

"Mama yako mvivu, Milembe! Wenzake wanafia shambani, yeye hata kufa kafia kitandani!"

Kicheko kikamtoka Milembe bila ruhusa yake, kikachanganyika na machozi. Maji yakafoka. Alijichukia, lakini akakinga maji kwa ndoo.

"Asante, Milembe," bomba likasema kwa bashasha. "Kanisani kwetu ng'ambo wanakutazama; wamesimama, wanapiga makofi. Hawajawahi kuona shukrani kama hii. Kuanzia kesho, kila mtu atashukuru hivi, kwa kicheko na machozi."

Foleni nzima ikamgeukia. Ndoo ilipojaa, Milembe aliinama na kusubiri mtu amtwishe. Hakuna aliyesogea.