Msikilizaji Asiyealikwa

Mgeni alichagua kiti cha pembeni, mgongo ukutani, uso mlangoni, kama mtu aliyezoea kutazama anayeingia na anayetoka. Hakuna aliyemwita. Alisema amesikia wanatafuta msikilizaji wa lugha ya kwao, akaja. Hakuwa ameuliza njia.

Dada mtafsiri alimweleza kazi. Angemsomea zaburi moja, naye mgeni angeirudia kwa maneno yake mwenyewe. Atakapokwama yeye, ndipo tafsiri ilipokwama. Ndiyo maana walitaka mtu asiyewahi kuyasikia maneno hayo.

"Kanisani sijawahi kuingia, mwanangu," mgeni alisema. "Hata kwa kujikinga mvua."

Mzee Kamusi, mmishonari aliyeongoza kazi, alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Alisema huyo ndiye mtu waliyemwomba Mungu awaletee, maana mtaa mzima umeshaokoka na hakuna wa kupimia tafsiri.

Dada hakucheka. Kazi hii aliirithi kwa kaka yake. Miaka ile lugha yao ilipokatazwa kuandikwa, watu wasiojitambulisha waliingia katika chumba hikihiki wakamchukua kaka pamoja na rasimu zote. Utawala ukabadilika, ruhusa ikatoka, kaka hakurudi. Mama yao alikataa katakata kuweka matanga. Aliwaambia waliokuja kumpa pole kwamba hawezi kumlilia mtu ambaye huenda yuko njiani. Mlango wake haukutiwa komeo tena.

Dada aliomba kimoyomoyo, kisha akafungua zaburi ya mchungaji.

Kwao hawafugi kondoo. Kaka alihangaika sana na neno hilo, mwishowe akaandika "anayetembea nyuma ili asiachwe mtu". Alimsomea dada yake peke yake, asubuhi ya siku aliyochukuliwa. Dada alipoianza kazi upya, mkono ulikataa kuyaandika maneno yale. Aliweka "mlinzi wa mifugo", basi.

Alisoma polepole mpaka mwisho. Mgeni alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoambiwa arudie, alikohoa kidogo.

"Bwana ndiye anayetembea nyuma ili asiachwe mtu," alianza.

Kalamu ya dada ilisimama. Mzee Kamusi alitikisa kichwa kwa furaha, akanong'ona kwamba hiyo ni nzuri kuliko yao, iandikwe upesi.

"Mzee," dada alimwambia mgeni. "Hayo umeyasikia kwa nani?"

"Kwa kijana mmoja. Alikuwa akiyasema kila alfajiri kule ndani, kwa sauti, kila mtu asikie." Mgeni alifumbua macho, akayaelekeza sakafuni. "Mpaka alfajiri walipomtoa. Hakurudishwa."

Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukikwaruza sementi. Dada aliuona moyoni mlango wa mama yake, usio na komeo, na yeye ndiye atakayekwenda kuufunga.

Machozi yalimtoka. Hata hivyo alimshukuru Mungu kwamba kaka hakuwa peke yake, kwamba palikuwa na sikio la kwao karibu naye mpaka mwisho. Akaisogeza mikono yake mezani, akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yote miwili.

"Pole, baba. Mlifungwa pamoja?"

Mgeni hakuuondoa mkono.

"Hapana, mwanangu. Ufunguo ulikuwa kwangu."