Watazamaji wa Alhamisi

Bi Kadzo alicheka tena mahali pasipokuwa na kichekesho.

Shee aligeuka akatazama kioo cha televisheni. Mzungu alikuwa anafungua mlango, basi. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyesema neno. Lakini ua mzima wa nyumba yake hapo Mishomoroni ulikuwa umejaa vicheko, na Bi Kadzo anajifuta machozi kwa ncha ya leso.

Iliudhi mno. Shee ndiye aliyeleta televisheni ya kwanza mtaani, ile ya kutumia betri ya gari. Kila Alhamisi baada ya magharibi aliiweka dirishani, majirani wakaja na mikeka yao kutazama kipindi cha vichekesho cha Kiingereza. Kiingereza chenyewe hawakukijua. Yeye, karani wa bandarini, alikijua vizuri, na ndiye peke yake asiyepata kucheka, maana kipindi kikianza tu kunoga mkewe Mwanaima hutokeza mlango wa jikoni na lake.

"Nazi iko wapi?" Mwanaima aliuliza.

"Duka limefungwa."

"Lipi? Nami nimetoka papo hapo sasa hivi, li wazi."

Watu wakacheka. Shee akakigeukia kioo haraka. Kitu kimempita tena.

"Geukeni huku, jamani," alisema kwa hasira. "Mwakaa upande upande, mtaona nini?"

Walijisogeza kidogo kwa heshima, kisha wakarudi walivyokuwa.

Akaona awasaidie. Aliwaeleza kuwa vipindi hivi havina ugumu wowote: nyumba ni ile ile, mume na mke ni wale wale, mume hudanganya, mke humnasa, mwisho hupatana. Hata ukikosa wiki moja, hupotei.

"Ndiyo utamu wake," alisema Bi Kadzo. Akamgeukia Tsuma, jirani aliyekuwa safarini. "Wiki iliyopita mume alisahau alichotumwa, akasingizia mvua. Mke akamwangalia tu."

Tsuma alicheka mpaka akakohoa. Shee hakukumbuka mvua yoyote katika kipindi kile, lakini aliona afadhali wanajitahidi.

Kipindi kilipoisha, watu wakikunja mikeka yao polepole, Mwanaima alianza wimbo wake wa siku zote.

"Iuze hii, bwana. Ninunulie cherehani nishonee watu nguo. Hii yatufaa nini?"

"Yaleta watu," Shee alijibu. Na hilo halikuwa jambo dogo kwake. Kabla ya televisheni alikuwa akipita mtaani hakuna anayeinua uso. Sasa alikuwa Bwana Shee. "Wallahi, siku watakapoacha kuja nitaiuza, na cherehani utaipata."

Jumatatu televisheni ikatoa moshi. Fundi akaichukua, akaguna, asitoe ahadi.

Alhamisi baada ya magharibi Shee alirudi kutoka kazini roho imemsinyaa. Alipita uani bila kutazama kulia wala kushoto, kwa kuogopa kuuona ulivyo mtupu. Mwanaima alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono kiunoni.

"Siku yenyewe ndiyo hii. Uliapa."

"Niliapa wakiacha kuja. Hatujajua bado."

"Waje kutazama nini? Dirisha?"

"Hata viatu sijavua, Mwanaima."

"Na unga niliokutuma?"

Shee alifungua mdomo aseme duka limefungwa, ndipo akasikia kicheko nyuma yake. Akageuka. Ua ulikuwa umejaa watu, mikeka imetandikwa, na mara hii hakuna hata mmoja aliyeelekea dirishani.

Furaha ilimpanda, kisha aibu. Wamekuja wote, naye hana cha kuwapa.

"Niwieni radhi, jamani," alisema. "Televisheni imeharibika. Iko kwa fundi."

"Twajua, tangu Jumatatu," alisema Bi Kadzo, akimvuta Tsuma kando asimzibe. "Endeleeni tu, Bwana Shee. Wiki iliyopita mliishia kwenye cherehani."