Mwaka wa Hasara

Baba alikuwa akinifundisha kusoma hesabu za kiwanda chetu cha magodoro ili nije kukirithi. Tukafika mwaka ambao mama alifariki akisubiri upasuaji.

“Mwaka huo tulipata hasara,” akasema. “Ndiyo maana sikuweza kumlipia.”

Hasara ilikuwepo kweli, lakini yote ilikuwa ya uchakavu wa mashine, gharama isiyotoa hata senti mfukoni. Nikafunua ukurasa wa mtiririko wa fedha. Benki kulikuwa kumebaki shilingi milioni arobaini.

“Baba, pesa taslimu zilikuwepo.”

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, kioo kimoja kimoja.

“Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya mashine mpya, mwanangu. Nilidhani mama yako atasubiri.”

Nikamwekea mezani funguo za kiwanda alizokuwa amenikabidhi.